Uvimbe wa Pafu Hautulii: Mwongozo Kamili wa Kuupiga Picha na Kuupangia Mionzi Mgonjwa Akiwa Anapumua

Mtu mzima aliyelala ametulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chukua mgonjwa anayepumua mara 15, mlaze chini ya mashine ya mionzi kwa dakika 15, na uvimbe ulio karibu na kiwambo chake utakuwa umepanda na kushuka mara 225 kabla hajashuka kitandani. Picha ya kawaida ya CT, ile eksirei inayouonyesha mwili tabaka kwa tabaka, iliyotumika kupanga tiba yake ilipita juu ya uvimbe huo kwa sekunde moja au mbili, yaani hata pumzi moja nzima haikuimaliza. Pengo lililopo kati ya nusu pumzi hiyo na zile 225 ndilo ninaloliandikia hapa.

Nawaandikia hasa wateknolojia wa mionzi, wanafizikia tiba na madaktari wa saratani walio mwanzoni mwa kazi. Wengi wetu tulifundishwa kubonyeza programu kabla ya kufundishwa kumtazama mgonjwa anavyopumua, na makosa mengi niliyoyaona katika tiba ya mapafu yalianzia hapo. Ndugu wa mgonjwa akiusoma mwongozo huu, naye ataelewa kwa nini mtu wake alifungwa mkanda kifuani na kulazwa muda mrefu kuliko walivyotarajia.

Uvimbe unakwendaje

Kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ndicho kinachoendesha kazi yote. Kikishuka, pafu linavutwa chini. Kikipanda, linasukumwa juu. Ndiyo maana uvimbe ulio sehemu ya chini ya pafu, usioshikamana na ukuta wa kifua wala uti wa mgongo, hutembea kuliko ule ulio juu karibu na bega.

Vipimo vizuri vya jambo hili vilitoka Chuo Kikuu cha Hokkaido, mjini Sapporo, Japani. Watafiti waliweka punje za dhahabu za mm 2 ndani ya uvimbe au kando yake, wakazifuatilia kwa eksirei wakati tiba ikiendelea. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002, uvimbe wa sehemu ya chini ulio huru ulitembea wastani wa mm 12 kwa mwelekeo wa kichwa na miguu, ilhali kushoto na kulia, mbele na nyuma, mwendo ulikuwa kama mm 2 tu. Kwa karibu nusu ya wagonjwa uvimbe haukurudi kwa njia ile ile ulioendea: ulishuka kwa njia moja ukapanda kwa nyingine, njia hizo mbili zikiachana kwa mm 1 hadi 5.

Shika mambo mawili hapo. La kwanza, wastani si mgonjwa wako. Kuna uvimbe wa chini unaotembea mm 3 na kuna wa juu unaotembea sentimita nzima, na ukubwa wake haukuambii lolote. Usikisie kwa kuangalia mahali ulipo. Pima. La pili, watu wengi hukaa muda mrefu zaidi mwisho wa kutoa pumzi kuliko mwisho wa kuvuta, na mahali uvimbe unapotua pumzi ikiisha kutoka hapabadiliki sana. Jambo hili tutalihitaji mbele.

Hatua ya 1: Amua kama mgonjwa huyu anahitaji haya yote

Kwetu Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hufika wakiwa wamechelewa, baadhi yao baada ya kumeza dawa za kifua kikuu kwa miezi kwa sababu kikohozi na kukonda vilifanana. Mgonjwa anayekuja kutibiwa maumivu, kutema damu au kubanwa kwa njia ya hewa, na ambaye utampa tuseme Gy 20 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vikao 5, hahitaji kulazwa saa nzima akipimwa pumzi. Mpe ukingo mpana, mtibu haraka, arudi nyumbani kwake. Kumchosha mtu huyu kwa usahihi usiomfaa si haki.

Anayeyahitaji ni yule unayekusudia kumponya. Na anayeyahitaji kuliko wote ni mwenye uvimbe mdogo asiyeweza kupasuliwa, ambaye atapewa dozi kubwa sana kwa vikao vichache. Jaribio la Marekani lililojulikana kwa namba RTOG 0236, lililochapishwa mwaka 2010, liliwapa wagonjwa 55 wa aina hii Gy 54 kwa vikao 3, na baada ya miaka 3 uvimbe wenyewe ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 97.6. Ni matokeo ya kufurahisha sana kwa watu wasioweza kuvumilia kisu. Lakini Gy 18 kwa kikao kimoja, zikitua kando ya uvimbe kwa sentimita moja, zimeunguza pafu lisilo na ugonjwa na kuiacha saratani ikiwa na afya yake.

Kipimo kinachotumika sana ni cha Chama cha Wanafizikia Tiba cha Marekani, AAPM, katika ripoti ya kikosi chake namba 76 ya mwaka 2006: uvimbe ukitembea zaidi ya mm 5 kwa upande wowote, tafuta njia ya kuukabili mwendo huo, mradi mgonjwa anaweza kuivumilia. Nao utajuaje kama umezidi mm 5 bila kupima? Ndiyo maana kila mgonjwa wa kuponywa namuingiza hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Mtulize mgonjwa kwanza, mashine ingoje

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo panaporukwa.

Niliwahi kumpokea mzee mmoja mwenye uvimbe wa sentimita 2 chini ya pafu la kulia. Tulipomlaza na kumwekea kiboksi cha plastiki juu ya tumbo, kile chenye alama zinazoakisi mwanga wa infraredi ili kamera iione pumzi, mstari kwenye skrini ulikuwa umechafuka kama bahari ya kusi: mawimbi mafupi mafupi, moja kubwa, matatu madogo, kisha kimya, kisha kubwa tena. Pumzi 24 kwa dakika. Mwenzangu alikuwa tayari ameweka kidole kwenye kitufe.

Tukasimama. Dada mteknolojia akaingia ndani, akamshika mkono. "Shikamoo babu. Unasikia baridi?" Babu alikuwa anasikia baridi, na zaidi ya hapo alidhani kwamba mashine ile ndiyo inayochoma, kwamba akipumua vibaya itamuunguza. Hakuna aliyemwambia kuwa leo ni picha tu. Akafunikwa shuka, akawekewa mto chini ya magoti, mikono ikapandishwa juu ya kichwa na kupumzishwa vizuri kwenye kishikio. Kisha dada akamwambia: "Babu, pumua kama umekaa barazani baada ya alasiri, huna pa kwenda." Baada ya dakika 12 mstari ulikuwa mwingine kabisa. Pumzi 14 kwa dakika, vilele vikilingana.

Kama tungepiga picha mwanzo, tungepanga tiba ya mtu mwenye hofu, na kwa vikao vyote vilivyofuata tungemtibu mtu mwingine aliyetulia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mweleze mgonjwa kwa lugha yake kitakachotokea, kikao cha leo kina nini na hakina nini. Muulize kuhusu kikohozi, maumivu ya mgongo akilala chali, na kama ana dawa ya kupulizia ambayo hajaitumia asubuhi. Mwenye maumivu apewe dawa nusu saa kabla. Mlaze katika mkao uleule utakaotumika siku za tiba, ikiwezekana kwenye mto maalumu unaofyonzwa hewa ukaganda kwa umbo lake. Mfunge mkanda au mwekee kiboksi, halafu angalia mstari kwa dakika 5 kamili bila kupiga chochote. Unatafuta mambo matatu: urefu wa pumzi moja kwa sekunde, kama vilele vinalingana, na kama mstari mzima unateremka taratibu. Ukiteremka, misuli yake bado inalegea. Ngoja.

Wapo wasiotulia kamwe, hasa wenye mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa sigara. Hao wape sauti ya kuwaongoza, "vuta... toa...", kwa mwendo wanaouweza wenyewe. Sauti hulainisha mpangilio wa pumzi lakini huwafanya baadhi yao wavute kwa nguvu zaidi, uvimbe ukatembea zaidi. Ukiitumia siku ya picha, itumie kila siku ya tiba, kwa maneno yaleyale.

Hatua ya 3: Piga picha

Kwanza uone CT ya kawaida inavyodanganya. Tuseme uvimbe una urefu wa mm 20 na unatembea mm 12 kwa sekunde 2, yaani mm 6 kwa sekunde. Kitanda cha CT kinakwenda mm 20 kwa sekunde. Ikiwa picha inapita kuelekea upande ule ule uvimbe unaokwenda, mashine inaukimbiza, na uvimbe utaonekana na urefu wa karibu mm 29. Vikikutana uso kwa uso, utaonekana mm 15. Uvimbe ni mmoja, mgonjwa ni yule yule, na tofauti ni bahati ya sekunde uliyobonyeza kitufe. Mashine za kasi kubwa hupunguza upotoshaji wa umbo, ila zinaugandisha uvimbe mahali pamoja na kukuficha kabisa kwamba unatembea. Kwangu mimi huo wa pili ndio uongo mbaya zaidi, kwa kuwa picha inapendeza.

Dawa yake ni CT ya 4D, iliyoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mashine inapita polepole, kila sehemu ya kifua inapigwa kwa muda wa pumzi nzima au zaidi, mstari wa pumzi ukirekodiwa sambamba. Kisha kompyuta inazipanga picha katika mafungu, kwa kawaida 10, kuanzia mwisho wa kuvuta hadi kurudi hapo tena. Unapata sinema ya pumzi moja.

Kosa la kawaida hapa ni kasi. Kwa mashine inayozunguka huku kitanda kikisogea, uwiano wa kitanda (umbali kitanda kinaosogea kwa mzunguko mmoja, ukigawanywa kwa upana wa vigunduzi) usizidi muda wa mzunguko mmoja ukigawanywa kwa urefu wa pumzi moja. Mzunguko ukiwa sekunde 0.5 na pumzi sekunde 5, usizidi 0.1. Kwa upana wa vigunduzi wa mm 24, kitanda kitakwenda mm 4.8 kwa sekunde, na kifua cha mm 300 kitachukua kama dakika moja. Mgonjwa mwenye pumzi ya sekunde 6 anataka 0.083. Kwa mashine inayosimama mahali pamoja kisha kuruka, kaa kila kituo kwa urefu wa pumzi pamoja na sekunde 1. Na unapoingiza namba hiyo, chukua pumzi ndefu kuliko zote ulizoziona katika zile dakika 5, usichukue wastani. Pumzi moja ndefu ikizidi muda wa mashine, utapata pengo lisilo na picha hapo hapo kwenye uvimbe.

CT ya 4D humpa mgonjwa dozi mara kadhaa ya CT ya kawaida. Kwa mtu anayekwenda kupokea makumi ya Gy si hoja kubwa, lakini ni sababu ya kutoirudia ovyo. Kama kuna dawa ya kung'arisha mishipa, piga CT ya kawaida yenye dawa kando, kwa ajili ya kuona tezi.

Kama kituo chako hakina 4D

Vituo vingi vya kwetu vimepata linaki, mashine za mionzi zinazotumia umeme, kabla ya kupata vifaa vya kupima pumzi. Hata Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilianza kutumia linaki mwaka 2018 baada ya miaka mingi ya mashine za kobalti. Kukosa 4D si sababu ya kufanya kana kwamba uvimbe hautembei. Zipo njia tatu.

Ninayoipendelea ni kupiga CT mbili fupi pamoja na ile ya kawaida: moja mgonjwa amebana pumzi mwisho wa kuvuta, nyingine mwisho wa kutoa. Mwambie avute pumzi yake ya kila siku, asivute kama anayejiandaa kupiga mbizi. Pumzi kubwa itakupa mwendo ambao hautatokea wakati wa tiba. Chora uvimbe katika picha zote tatu na uunganishe michoro. Utakosa ile njia ya kwenda na ya kurudi inayoachana, lakini ncha zote mbili za safari utakuwa nazo.

Ya pili ni CT ya polepole, ambapo mzunguko mmoja huchukua sekunde kadhaa na uvimbe hutoka ukiwa na ukungu unaoonyesha eneo lake lote. Itumie kwa uvimbe uliozungukwa na pafu pande zote tu. Ukiwa umegusa ukuta wa kifua, ukungu huo hutaweza kuusoma. Ya tatu ni kutazama kwa eksirei ya moja kwa moja kiwambo kinavyopanda na kushuka. Kiwambo hutembea kuliko uvimbe mwingi, kwa hiyo kipimo chake kichukue kama mwendo wa juu kabisa unaoweza kutokea.

Hatua ya 4: Ikague picha kabla mgonjwa hajavaa shati

Fungua picha ya upande wa mbele, ile inayoonyesha mapafu yote mawili kama mtu amesimama mbele yako. Fuata ukingo wa kiwambo kwa jicho. Unatakiwa uwe mpinde laini. Ukiona ngazi, au kipande cha ini kikielea peke yake juu ya kiwambo, pumzi iliruka na kompyuta ikapanga picha vibaya. Ngazi zikiwa mbali na uvimbe, endelea. Zikiwa zimeukata uvimbe, jaribu kuzipanga upya kwa kina cha pumzi badala ya muda wake. Ikishindikana, rudia eneo lile tu. Ukaguzi huu ni wa dakika 2, na mgonjwa akiisha kwenda zake, hutaupata tena mkao wake.

Hatua ya 5: Chora mipaka

Uvimbe unaouona unaitwa GTV kwa lugha ya Tume ya Kimataifa ya Vipimo vya Mionzi, ICRU. Ukiongeza maeneo yenye saratani isiyoonekana unapata CTV. Ripoti yao namba 62 ya mwaka 1999 iliongeza ITV, eneo lote ambalo uvimbe hupita mgonjwa anapopumua. Ukiongeza tena nafasi ya makosa ya kumlaza, unapata PTV, na hiyo ndiyo unayoipiga.

Njia ya haraka ya kupata ITV ni picha moja iitwayo MIP, ambayo kwa kila nukta huchukua thamani angavu kuliko zote katika mafungu yale 10. Uvimbe ni mwangavu na pafu ni jeusi, hivyo popote uvimbe ulipopita patang'aa. Inapendeza, na kwa uvimbe ulio katikati ya pafu inafaa. Lakini sogea karibu na kiwambo uone. Ini nalo ni angavu, nalo linapanda na kushuka. Mahali uvimbe ulipokuwa katika fungu moja, ini limepafunika katika fungu jingine, na MIP haiwezi kukuambia kipi ni kipi. Ncha ya chini ya uvimbe inamezwa. Vivyo hivyo kwenye ukuta wa kifua na karibu na moyo. Hapo usiitegemee: chora katika kila fungu, au angalau katika mafungu ya ncha mbili na mawili ya katikati, kisha endesha sinema na mchoro wako juu yake uone kama uvimbe unatoka nje ya mstari. Hata MIP ikiwa safi, mimi siweki sahihi kabla ya kuitazama sinema.

Tumia dirisha la mapafu, yaani mpangilio wa mwangaza wa skrini unaolifaa pafu, kwa ukingo unaogusa pafu, na dirisha la nyama laini kwa ukingo unaogusa kifua au moyo.

Neno moja kuhusu PET, picha inayoonyesha mahali seli zinapotumia sukari kwa wingi. Kila kituo cha kitanda huchukua kama dakika 2 au 3, yaani pumzi 30 hadi 45 zimechanganywa katika picha moja. Uvimbe mdogo wa chini utaonekana mkubwa na hafifu kuliko ulivyo, na SUV, kipimo cha kiasi ambacho uvimbe umeifyonza dawa ya picha hiyo, kitashuka. Juu ya kiwambo mara nyingi hutokea utepe hafifu wenye umbo la ndizi, kwa sababu CT inayotumika kuisahihisha PET ilipigwa pafu likiwa limejaa. PET itakusaidia kujua kipi ni saratani na kipi ni pafu lililosinyaa, na tezi zipi zimeathirika. Usichore ukingo wa uvimbe mdogo kwa asilimia ya SUV.

Hatua ya 6: Chagua namna ya kuukabili mwendo

Njia rahisi ni kupiga ITV yote. Gharama yake ihesabu. Uvimbe duara wa mm 20 una ujazo wa sm³ 4.2. Ukitembea mm 12 kwa mstari, ITV inakuwa karibu sm³ 8, na ukiongeza mm 5 pande zote, PTV inafika sm³ 22.6. Linganisha na yule asiyepima mwendo, ambaye kwa kuogopa anaongeza mm 17 kila upande: PTV yake ni sm³ 82. Ni eneo kubwa karibu mara 3.6, na kilichoongezeka ni pafu lisilo na ugonjwa linalochomwa bure. Nikiulizwa kwa nini nang'ang'ania kupima, huonyesha hesabu hii.

Kuna njia ndogo zaidi iliyokuzwa katika Taasisi ya Saratani ya Uholanzi, Amsterdam. Inapiga mahali pa wastani wa uvimbe na kuuchukulia mwendo wa pumzi kama ukungu wa kawaida katika hesabu za ukingo za mwanafizikia van Herk. Katika pafu kingo za dozi zimeshatawanyika zenyewe, kwa hiyo mwendo wa mm 12 huongeza chini ya mm 2 kila upande badala ya mm 6. Hesabu ni halali, lakini inategemea uweze kuuona uvimbe wenyewe kila siku kabla ya kupiga. Kama unalinganisha kwa mifupa, iache.

Mwendo ukizidi sentimita moja hivi, fikiria kuupunguza. Kubana tumbo kwa bamba, mbinu iliyoanzia Karolinska, Stockholm, miaka ya 1990, ni nafuu na inafaa kwa uvimbe wa chini. Haifai kwa mwenye tumbo lililojaa maji au aliyepasuliwa karibuni, na kwa uvimbe wa juu haisaidii. Kubana pumzi kwa sekunde 15 hadi 20 husimamisha uvimbe, hujaza pafu na kuusogeza moyo pembeni. Mjaribu mgonjwa mara tatu mfululizo; asipoweza kurudia kina kilekile, msilazimishane. Mbinu ya geti humwacha apumue huru huku mashine ikiwaka tu uvimbe unapopita katika sehemu ya pumzi uliyoichagua, mara nyingi mwisho wa kutoa pumzi, kwa ile sababu niliyoitaja mwanzo. Huongeza muda, na mgonjwa aliyelala muda mrefu husogea. Ipo pia mashine inayoukimbiza uvimbe wenyewe kwa mkono wa roboti, CyberKnife, na zipo linaki zenye MRI ndani yake. Anayezipata azitumie.

Kwa njia zote za kutazama tumbo au kifua kwa nje, kumbuka kwamba kiboksi si uvimbe. Tumbo linaweza kurudi palepale uvimbe ukiwa umehama mm kadhaa.

Hatua ya 7: Hesabu dozi

Usihesabu kwenye MIP. Inaonyesha nyama mahali ambapo muda mwingi ni hewa. Tumia picha ya wastani wa mafungu yote. Algorithimu, yaani kanuni ya kompyuta ya kuhesabu dozi, iwe ya kizazi kinachojua kwamba pafu ni jepesi, kama robo ya uzito wa maji. Zile za zamani huahidi uvimbe dozi usioipata. Kwa tiba ya vikao vingi, angalia kwamba sehemu ya mapafu inayopata Gy 20 au zaidi haizidi asilimia 30 hadi 35.

Majani ya mashine, yale mabamba membamba ya chuma yanayoupa mwale umbo, yakitembea huku uvimbe nao ukitembea, baadhi ya sehemu hupishana na dozi. Katika vikao 30 makosa haya hujisawazisha. Katika vikao 3 hayana muda wa kujisawazisha, kwa hiyo pendelea mipango yenye majani yasiyohangaika sana na zaidi ya mzunguko mmoja wa mashine.

Hatua ya 8: Kila siku ya tiba

Picha ya CT inayopigwa na linaki yenyewe huchukua kama dakika moja, kwa hiyo uvimbe utaonekana na ukungu. Huo ndio unaoutaka: ulinganishe na picha ya wastani na mchoro wa ITV, usiulinganishe na fungu moja lililoganda. Na ulinganishe uvimbe kwa uvimbe. Mifupa inaweza kukaa sawasawa huku uvimbe umeteremka mm 5 kwa sababu leo mgonjwa anapumua kwa tumbo zaidi ya juzi. Ukisogeza kitanda kuufuata uvimbe, hakikisha uti wa mgongo na umio havijaingia kwenye dozi kubwa.

Kwa vikao vya wiki 6, angalia pafu lililokuwa limesinyaa. Uvimbe ukipungua, hewa hurudi, pafu hufunguka, na kila kitu huhama. Hapo rudi hatua ya 2 na upange upya.

Yule babu alipangiwa vikao 5. Siku ya nne alikuja anakohoa, alikuwa amenyeshewa njiani. Picha ilionyesha mifupa iko sawa kabisa na uvimbe uko mm 6 juu ya mstari, ukungu wake mrefu kuliko siku zote. Tungeweza kusogeza kitanda tu tukaendelea. Tukamshusha, akapewa maji ya moto na shuka kavu, akakaa benchi la nje na mwanawe kwa dakika 25. Tulipomrudisha, dada alimwambia maneno yaleyale ya barazani, tukautazama mstari kwa dakika 5, tukapiga picha ya pili. Uvimbe ulikuwa ndani ya mchoro, juu na chini. Tukafunga mlango, tukawasha mionzi.